Gauni Jeupe Juu ya Viti Vyekundu

Kama leo ndiyo mara yako ya kwanza kunisoma, nikujuze kwa ufupi: mimi ni marehemu.

Usikunje uso. Nilikufa machimboni, ardhi iliponiangukia pamoja na wenzangu. Jina langu lilisomwa, nikaliliwa, nikafanyiwa msiba bila maiti. Kumbe nilikuwa nimelazwa hospitali ya mbali, kichwa kimefungwa, sijui hata mimi ni nani. Akili iliporudi na miguu ikakubali kutembea, nilifunga safari ya nyumbani. Nikakuta mke wangu ameshaolewa.

Mama mkwe ndiye aliyenifungulia mlango. Hakunikaribisha ndani. Aliniambia, "Binti yangu anajua uko hai. Amesema kama unampenda mtoto, nenda zako." Nilipokuwa naondoka nikamwona mwanaume mwembamba mwenye miwani anakuja na njia, amembeba mwanangu begani. Mwanangu anacheka, amemshika masikio.

Nikawapisha. Nikaenda zangu.

Hayo wa zamani mnayajua. Mnajua pia nilivyoangukia kwenye kazi ya kusafisha viti vya ngozi vya magari ya zamani, katika gereji ya mama mmoja mjane tunayemwita Bosi, na jinsi wenzangu walivyonibandika jina la Povu. Wiki jana niliishia pale gari moja kuukuu lilipoingia gereji, mlango wa mbele ukafunguka, akashuka mwanaume mwembamba mwenye miwani. Mvi zimemwingia, lakini ni yuleyule.

Nyuma yake akashuka msichana mwenye uso wa marehemu mama yangu.

Tuendelee kutoka hapo.

"Fundi, samahani," alisema yule mwanaume. "Nitageuka kidogo. Usinione sina adabu."

Akageuka, akanionyesha makalio. Suruali ya kijivu, lakini nyuma nyekundu kama mtu aliyeegemea mlango uliopakwa rangi asubuhi hiyo.

Bosi alicheka mpaka akashika ukuta. "Mzee wangu, umekalia nini?"

"Gari langu mwenyewe, mama. Mimi ni mtu wa duka la dawa. Nilimpa mwosha magari mmoja anisaidie kung'arisha viti. Amevipaka dawa ya viatu."

"Nyekundu," akadakia yule msichana. "Na mimi Jumamosi naolewa."

"Na gauni ni jeupe," akamalizia mfamasia, kama daktari anayetaja ugonjwa.

Miaka yote nilikuwa nimeandaa maneno ya kumwambia mwanangu siku nitakayokutana naye. Nilikuwa nayo mengi. Nilikuwa nayafanyia mazoezi nikioga, nikifua, nikisubiri chai ichemke.

Yaliyonitoka ni haya: "Hii ngozi imewahi kutiwa mafuta?"

"Sidhani," akasema mfamasia. "Hili lilikuwa gari la baba yangu. Mimi naliendesha tu. Nimemwambia huyu tukodi gari jipya, zuri, lenye kiyoyozi. Hataki."

"Sitaki," akasema binti. "Fundi, njoo nikuonyeshe."

Akanifungulia mlango wa nyuma kana kwamba mimi ndiye mgeni wa heshima. Akainama, na mimi nikainama. Bega lake lilikuwa karibu na bega langu.

"Hapa nilitapika siku ya kwanza ya shule," akasema, akiweka kidole kwenye baka la kahawia. "Hapa kalamu ilivuja. Na huu mpasuko, unauona? Ni magoti yangu. Nilikuwa sikai. Nasimama kwenye kiti, nawapungia watu mkono kwenye kioo cha nyuma."

"Watu usiowajua," mfamasia akamkumbusha.

"Walikuwa wananipungia na wao!"

"Nikimwambia kaa chini, anaimba. Kichwa kama jiwe. Mpaka leo."

Wakacheka. Kilikuwa kicheko kimoja kilichogawanywa kwa watu wawili, cha watu waliokula meza moja miaka na miaka.

"Wewe una watoto, fundi?" binti akaniuliza.

"Ninaye mmoja."

"Mkubwa?"

"Amekua, ndiyo. Yuko na mama yake."

"Unamwona lakini?"

Nilikuwa nimeshika ukingo wa mlango. Nikaukaza mkono.

"Namwona," nikasema.

"Afadhali," akasema mwanangu, akanipiga begani kidogo, akaenda kukaa kwenye benchi la wateja.

Walipoondoka kwa teksi, nilimfuata Bosi ofisini kwake.

"Hii kazi mpe mtu mwingine."

"Kwa nini? Kaka Povu, una nini wewe? Tangu wale watu waingie umekuwa na sura ya mgonjwa."

Nilikuwa sijawahi kumwambia mtu. Siku hiyo nilimwambia Bosi yote, nimesimama, kofia mkononi. Alinisikiliza hadi mwisho. Kisha akavuta tairi moja kuukuu, akalikalia.

"Yule msichana ni wako?"

"Ni wangu."

"Na umemwacha akaondoka?"

"Ningefanya nini?"

"Ungemwambia! Una mdomo wa nini? Wa kunywea chai?"

"Jumamosi anaolewa, Bosi. Nimwambie nini? Hongera mwanangu, mimi ni maiti ya baba yako?"

Bosi akafikiri. Ni mwanamke ambaye hakosi neno, hata akigombana na fundi umeme. Safari hii alikosa.

"Basi," akasema mwishowe. "Nitawapa wale vijana wa ng'ambo ya barabara. Wao hutumia petroli. Itatoka upesi."

"Petroli?"

"Si umesema hutaki?"

"Petroli itaikausha! Ngozi kuukuu kama ile itachanika yote. Na rangi itaendelea kutoka chini kwa chini, akikaa na joto la mwili..."

Bosi alikuwa ananitazama tu.

"Ninajaza ndoo," nikasema.

Nilijiambia hivi: siwezi kumshika mkono, siwezi kutembea naye, siwezi kukaa hata kwenye kiti cha mwisho kabisa ukumbini. Lakini pa kukaa, mwanangu, nitakutengenezea mimi.

Ngozi ya zamani ina tabia za mtu mzima. Ukiisugua kwa hasira inachubuka. Ukiilowesha sana inavimba, na ukiianika juani inakakamaa na kukunyima ushirikiano. Nilisukuma gari kivulini, nikaanza na brashi laini kwenye mishono. Yakatoka makombo ya biskuti. Yakatoka maganda ya peremende. Kikatoka kibanio cha nywele cha mtoto, cha njano, kimelala huko ndani tangu sijui lini.

Nilikitia mfukoni. Kama ni wizi, basi niliiba.

Kisha sabuni ya ngozi, kidogo, kwanza kwenye kona iliyojificha, nione kama rangi ya asili haing'oki. Haikung'oka. Nikaendelea: povu kidogo, kitambaa kilichokamuliwa, duara dogo dogo, futa, badilisha kitambaa. Vitambaa vya kwanza vilitoka vyekundu kama vya kufungia kidonda.

Nilipofika kwenye lile baka la siku ya kwanza ya shule, mkono ulisita.

Maana nilichokuwa nafuta ni nini? Nilikuwa nafuta utoto wa mwanangu. Ule ambao sikuuona ukipita. Na sasa nilikuwa nimepewa, uko mbele yangu, ili niuondoe.

Baka likatoka. Wino ukafifia, ukabaki kivuli. Mpasuko wa magoti sikuuziba. Niliutia mafuta tu, usizidi kuchanika.

Siku iliyofuata nikachukua kitambaa cheupe cha pamba, nikakisugua kwenye kiti kwa nguvu, kama mtu anavyokaa na kujigeuza. Kikatoka cheupe. Lakini pamba si hariri, na sikujua gauni ni la kitambaa gani. Nikamwomba Bosi awapigie simu wale watu, walete kipande kilichobaki kwa mshonaji, nikijaribu hichohicho.

Nilidhani atakuja mfamasia. Au nilijiambia kwamba nadhani hivyo.

Nilikuwa nimepiga magoti ndani ya gari, kichwa chini ya kiti cha mbele, niliposikia nyuma yangu, "Hodi hapa. Nimeambiwa nilete kipande cha gauni."

Sikuhitaji kugeuka. Sauti ilikuwa imenenepa kidogo kama tunavyonenepa sote, lakini ilikuwa ni ileile iliyokuwa ikiniambia chakula kiko tayari.

"Weka hapo juu ya boneti, mama," nikasema. Nikaikwaruza sauti yangu makusudi, kama mtu mwenye mafua.

Akaweka. Hakuondoka.

"Fundi, mimi hukaa hapa mbele. Kuna doa la mafuta ya nywele kwenye kiegemeo cha kichwa. Litatoka?"

"Litatoka."

"Ni la siku nyingi."

"Hata kama ni la siku nyingi, mama, polepole litatoka."

Nikawa nasikia maji yakidondoka kutoka kwenye kitambaa changu hadi kwenye ndoo.

"Sema tena," akasema.

"Niseme nini, mama?"

"Lolote. Sema lolote."

Nikazidi kuinamisha kichwa chini ya kiti. Nikasikia viatu vyake vinazunguka gari. Mlango wa upande wa pili ukafunguliwa, akainama, tukaonana.

Watu wanadhani mtu akimwona maiti hupiga kelele. Hakupiga. Alikaa palepale kwenye kiti chenye povu, gauni lake likaanza kunywa maji, naye hana habari.

"Wewe umekufa," akaniambia taratibu, kama anayemkumbusha mtu kitu alichosahau.

"Nilikufa. Nikapona."

"Nimekulilia."

"Najua."

"Hujui! Hujui chochote! Ulikuwa wapi?"

"Nilirudi," nikasema. "Nilirudi mtoto akiwa bado anabebwa. Si uliambiwa? Ukasema niende zangu?"

"Nilisema nini?"

"Kwamba kama nampenda mtoto, niende."

"Nilimwambia nani?"

Nikamtazama. Akanitazama. Ndipo nikaona uso wake ukibadilika, na nadhani na wangu ulibadilika, maana sote wawili tulifika mahali pamoja.

"Mama alikuona," akasema.

"Yeye ndiye aliyenifungulia mlango."

Akaweka kiganja mdomoni. Alipokiondoa, alizungumza na dashibodi, si mimi.

"Nimemuuguza mimi. Nimemlisha kwa kijiko, nimemwogesha. Siku za mwisho nikamuuliza, mama, una neno lolote la kuniambia? Akasema nisisahau kuanua nguo, mvua inakuja."

Wasomaji wangu, nilikuwa na hasira na mwanamke huyu kwa miaka mingi kuliko nilivyoishi naye. Hasira ile ndiyo iliyokuwa ikinitoa kitandani asubuhi. Ilikuwa mwenzangu. Sasa iliniponyoka yote kwa mara moja, nikabaki nimepiga magoti na sponji mkononi, sina hata mtu wa kumchukia. Yule niliyepaswa kumchukia alikuwa kaburini, na yeye kaburi lake lina mtu ndani.

"Ungeniita," akasema. "Ungesimama nje, ukaniita jina langu. Nilikuwa uani nafua. Ningesikia."

"Ungetoka?"

"Ningetoka na mapovu mikononi."

Nilikunja kitambaa, nikakikunjua.

"Umeoa?" akauliza.

"Nimwoe nani na mimi ni marehemu?"

Akacheka. Kicheko kilimtoka bila ruhusa, kikafika nusu, kikageuka kilio. Alilia amegeukia kiti, paji la uso kwenye kiegemeo, palepale penye doa la mafuta ya nywele zake.

Baadaye akasema, "Yeye hana kosa."

"Najua."

"Alinikuta nimekaa sakafuni. Sili, silali, maziwa yamekauka, mtoto anaumwa. Akawa analeta dawa mwenyewe hadi nyumbani. Kila siku anasingizia alikuwa anapita. Nyumba yetu ilikuwa mwisho wa njia. Hakuna mtu anayepita pale."

"Nimemwona," nikasema. "Ni mtu mwema. Ningependa awe mbaya. Nimemtafuta ubaya, sijaupata."

Akaniangalia usoni kwa muda, kovu moja baada ya jingine, kama anayesoma.

"Nina ombi moja," akasema. "Acha harusi ipite. Usimwambie mtoto. Na yeye usimwambie. Akijua, hatamsindikiza mtoto ukumbini, atasema nafasi si yake. Namjua. Atakaa pembeni kwa heshima, ataharibu kila kitu kwa heshima zake. Niapie."

"Na harusi ikishapita?"

Akajifuta uso kwa mkono wenye povu.

"Sijui. Sijui hata mimi ni mke wa nani."

Nikaapa. Nilimwapia kwa sababu aliomba, na kwa sababu tangu nife hakuna mtu aliyewahi kuniomba kitu.

Alishuka, akashika njia ya getini. Nikamwita, "Gauni lako limelowa nyuma!"

"Liache lilowe," akajibu bila kugeuka.

Nilipozunguka ukuta nilimkuta Bosi amejibanza, macho mekundu.

"Nilikuwa natafuta spana," akasema.

"Spana iko mkononi mwako, Bosi."

Akaitazama. "Kumbe," akasema, akaondoka akivuta makamasi.

Nikachukua kile kipande cha hariri kilichoachwa juu ya boneti. Nikakisugua kwenye kiti cha nyuma. Nikakigeuza.

Kilikuwa na rangi ya waridi. Hafifu, kama shavu la mtoto mwenye homa, lakini ni waridi. Dawa ya viatu ilikuwa bado imejificha ndani ya vinyweleo vya ngozi.

Nikaanza upya. Povu, duara, futa, kitambaa kipya. Kiti cha nyuma, kiegemeo, hata pembeni ambako pindo la gauni lingegusa. Mgongo uliniuma, nikaushukuru, maana ulinipa kitu kingine cha kufikiria. Nilipomaliza nikaiacha ngozi ipumue kivulini, milango wazi. Kisha mafuta, tone kwa tone, nikiyasambaza kwa kiganja. Fundi mwenzangu aliwahi kunicheka kwa hilo, anasema sponji ipo. Lakini kiganja kinasikia mahali ngozi ina kiu. Nikayaacha yaingie, nikafuta yaliyobaki, nikapaka kinga, ile ambayo haiachi utelezi wala harufu, nikaing'arisha mpaka ikawa na mng'ao mtulivu, si ule wa kupiga kelele.

Hariri ikatoka nyeupe. Nikaigeuza upande wa pili. Nyeupe. Nikaisugua kwa hasira. Nyeupe.

Nilikaa kwenye tairi nikaishika ile hariri, sina la kufanya nayo.

Ijumaa mchana walikuja kulichukua gari. Baba na binti. Mama hakuja.

Binti alikuwa na mfuko mkubwa mkononi. "Fundi, usinikasirikie. Nakuamini. Ila moyo wangu hautulii mpaka nikae mwenyewe."

"Ukae na gauni?"

"Na gauni. Kama litaharibika, liharibike leo, mshonaji bado yupo. Kesho nitafanyaje?"

Bosi akaamua mambo mara moja. Akawafukuza mafundi wote ofisini, akafunga pazia, akaingia naye. Tulimsikia humo ndani akitoa amri kama askari: vuta tumbo, inua mkono, usikanyage hapo kuna oili. Akatandika maboksi sakafuni kutoka mlango wa ofisi hadi kwenye gari.

Kisha mwanangu akatoka.

Nimejaribu kuandika alivyokuwa. Nimefuta. Nimejaribu tena. Itoshe kusema mafundi walizima mashine, na yule anayegonga bodi, ambaye hata moto hauwezi kumnyamazisha, alishusha nyundo yake chini kwa mikono miwili.

Mfamasia alivua miwani. "Ah," akasema. Hakusema kingine.

Binti akapita juu ya maboksi, akaingia kwenye gari, akakaa. Akajigeuza kushoto. Akajigeuza kulia. Akaegemea kwa nguvu zote. Kisha akashuka, Bosi akamzungusha, akainama nyuma yake na kukagua hariri yote kutoka kiunoni hadi kwenye pindo.

"Safi!" Bosi akapaza sauti. "Safi kama maziwa!"

Gereji nzima ikapiga makofi. Binti aliruka, akarudi ndani ya gari, akakaa tena, sasa kwa raha zake, akifungua na kufunga kioo, akipitisha kiganja kwenye ngozi.

"Fundi, umefanya nini?" aliniambia dirishani. "Ni kama kipya, lakini bado ni chenyewe."

"Nimekisafisha tu," nikasema.

Mfamasia akanigusa kiwiko. "Tusogee pale kidogo."

Tukasogea hadi kwenye ukuta wa matairi. Nilidhani anataka kunishukuru. Alikuwa anapangusa miwani yake kwa ncha ya shati, polepole, kioo kimoja, kisha kingine.

"Nimeuza dawa maisha yangu yote," akasema. "Mtu akiingia dukani, mara nyingi najua anaumwa nini kabla hajasema. Mke wangu alikuja hapa mzima. Alirudi anaumwa."

Nikapangusa mikono kwenye kitambaa.

"Namuuliza, anasema ni mambo ya harusi. Hali chakula. Sufuria inaungua mbele yake, haoni. Jana ameniuliza kama mtu aliye hai anaweza kumkosea maiti. Nikamuuliza maiti yupi. Akatoka jikoni."

"Pole sana, mzee."

"Sijaja kwa ugomvi. Mimi si mtu wa ugomvi, na gari umelitengeneza vizuri kuliko nilivyotegemea." Aliinua macho. Bila miwani yalikuwa madogo na yamechoka. "Nakuuliza kwa heshima, mtu mzima kwa mtu mzima. Wewe ni nani, ndugu yangu?"

Kama angenikunja shati ingekuwa rahisi. Kama angenitukana, ningemwambia ukweli wote kwa furaha. Lakini aliniita ndugu yangu, na alimaanisha.

Nikamkumbuka mke wangu, mke wake, na uso wake wenye povu. Nikafikiria mwanaume huyu amekaa pembeni kesho, kwa heshima, na kiti kitupu karibu na binti.

Safari ya kwanza watu walinizika bila kuniuliza. Safari hii koleo lilikuwa mkononi mwangu mwenyewe.

"Mimi ni fundi wa viti, mzee," nikasema. "Sina zaidi."

Mabega yake yakashuka, kama mtu aliyetua mzigo.

"Asante," akasema. "Nilikuwa nataka sana iwe hivyo."

Nikaitikia kwa kichwa. Nikajiambia, imekwisha. Wataondoka, geti litafungwa, nitamwaga maji ya ndoo.

Ndipo sauti ikatoka kwenye gari.

"Baba! Baba, njoo unishike mkono, pindo limenasa mlangoni!"

"Naam, mwanangu, nakuja!"

Mguu wangu ulikuwa umeshapiga hatua. Nilikuwa nimeshanyoosha mkono.

Mfamasia alikuwa bado anapangusa miwani. Hakuwa amefungua mdomo.